Mkataba unaisha Desemba: mwongozo kamili kwa mwalimu wa shule binafsi asiyejua kama ataongezewa

Kidato cha Nne wakishaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, mazungumzo ya ofisi ya walimu katika shule nyingi binafsi huhama kutoka kwenye silabasi kwenda kwenye mikataba. Nani anabaki, nani anaondoka, nani ameitwa kwa meneja. Barua huwa haionekani. Ukiuliza unaambiwa "tutawasiliana", shule inafungwa, unaenda likizo, na Januari simu haipokelewi. Mwalimu anayekuja kushtuka mwishoni mwa Februari anakuta muda wa kulalamika umeshampita, hata kama alikuwa na haki ya wazi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Tanzania Bara aliyeajiriwa na shule binafsi kwa mkataba wa muda maalumu, iwe shule ya kampuni, ya mtu mmoja au ya taasisi ya dini. Mwalimu wa serikali yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu na taratibu za utumishi wa umma, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri akuongezee mkataba. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazofahamika kama GN 42 (yaani Tangazo la Serikali Na. 42), zinasema katika kanuni ya 4 kwamba mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe muda wake ukifika, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Hapahitajiki kosa wala kikao cha nidhamu. Lakini kanuni hiyohiyo imeacha milango miwili wazi. Wa kwanza: ukiendelea kufanya kazi baada ya muda kuisha, na mazingira yakaunga mkono, mkataba unahesabika umehuishwa. Wa pili: kama ulikuwa na matarajio yenye msingi kwamba utaongezewa, kukataa kukuongezea kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi isivyo halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inalitaja jambo hili la pili ndani ya maana ya kuachishwa kazi. Karibu kila utakachofanya kuanzia hapa kinahusu mlango mmojawapo.

Hatua ya 1: Toa mkataba kabatini uusome wote

Wengi waliusaini wakiwa wamesimama mlangoni kwa mhasibu na hawakuusoma tena. Huna nakala? Omba kwa maandishi leo. Mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya ajira yako kwa maandishi: kazi yako, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara. Shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unahamia kwake. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu karatasi hawakukupa.

Kwanza angalia tarehe ya mwisho. Kama haipo kabisa, yaani barua inasema tu umeajiriwa kuanzia tarehe fulani, basi huo si mkataba wa muda maalumu. Ni mkataba usio na ukomo, na hakuna kitu kinachoitwa "kutokuongezewa". Wakikuondoa wamekuachisha kazi, na watatakiwa kuwa na sababu halali na kufuata utaratibu.

Kisha angalia urefu. Kuna shule zinazoandika mkataba wa miezi kumi, Januari hadi Oktoba, ili zisilipe mishahara ya likizo ya mwisho wa mwaka. Kanuni za ajira za mwaka 2017, GN 47, zinasema mkataba wa muda maalumu kwa wanataaluma usipungue miezi 12. Mwalimu ni mwanataaluma. Mkataba wa aina hiyo ni udhaifu wa mwajiri, na ni hoja nzuri mkononi mwako.

Tafuta pia kifungu cha kuhuisha. Vipo vinavyosema upande usiotaka kuendelea utoe taarifa mwezi mmoja au mitatu kabla. Shule ikikaa kimya mpaka siku ya mwisho, imekiuka maneno yake yenyewe. Vipo vingine vinavyosema wazi kwamba mwajiriwa hatakuwa na matarajio yoyote ya kuongezewa. Hicho kinakupunguzia nguvu, lakini hakifuti moja kwa moja yale ambayo mwajiri amekuahidi na kukutendea baadaye.

Mwisho, soma mahali ulipoajiriwa. Sharti hili huonekana dogo mpaka siku ya kufunga mizigo, na nitalirudia kwenye malipo.

Kama unaondolewa kabla ya tarehe ya mwisho, mathalani Septemba wakati mkataba unaisha Desemba, suala lako si la kuhuisha. Ni kuvunjwa kwa mkataba, na madai yake huanzia kwenye miezi iliyobaki.

Hatua ya 2: Pima kama matarajio yako yana msingi

Hapa ndipo mashauri mengi ya walimu huanguka, kwa sababu matumaini na matarajio yenye msingi ni vitu viwili tofauti. Kufaulisha vizuri si msingi. Kupendwa na wazazi si msingi. Kanuni inakutaka wewe, mwajiriwa, uonyeshe jambo la nje linaloonekana, na inataja mifano miwili: mkataba kuwahi kuhuishwa huko nyuma, na ahadi au vitendo vya mwajiri vinavyoonyesha ataendelea nawe.

Kuhuishwa mara moja ni dalili hafifu. Mara tatu mfululizo, kila Januari, bila usaili mpya wala tangazo la nafasi, ni mazoea yanayoweza kusimama. Juu yake pachika vitendo. Ratiba ya vipindi ya mwaka ujao yenye jina lako. Barua ya kukuteua mwalimu wa darasa wa mwaka unaofuata. Maagizo ya kuandaa azimio la kazi la Januari. Fomu ya kuomba kuongezewa uliyopewa na ofisi ukaijaza. Fomu ya mkopo wa benki ambayo mwajiri alisaini akijua marejesho yanavuka tarehe ya mkataba. Kila kimoja peke yake kinaweza kubishiwa. Vitatu pamoja ni vigumu kuvikwepa.

Maneno ya mdomo nayo yana uzito, ila yanadai shahidi. Mkuu wa shule akisema kwenye kikao cha walimu "wote mliopo hapa tunaendelea mwakani", muhtasari wa kikao hicho ni dhahabu. Akikwambia peke yako koridoni, mtumie ujumbe siku hiyohiyo: "Mkuu, nashukuru kwa mazungumzo ya leo mchana. Nimeelewa kwamba naendelea na Kidato cha Tatu mwakani." Asipokanusha, una kitu. Ni bora kuliko kumrekodi kwa siri, jambo ambalo mara nyingi huleta ugomvi mpya usiohitajika.

Angalia pia sababu iliyojificha. Je, umekatwa jina baada ya kutoa taarifa ya ujauzito? Baada ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, au kudai michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliyokuwa haipelekwi? Sheria inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini, kabila na VVU, na haikubali mtu aondolewe kwa kutumia haki aliyopewa na sheria. Mwalimu mjamzito ana haki ya siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kama mikataba ya wenzako wote wa idara imehuishwa na wako peke yake umekwama wiki mbili baada ya barua ya daktari, andika tarehe hizo mbili kwenye karatasi moja. Mpangilio wa tarehe husema mengi ambayo meneja hatasema.

Sharti jingine: aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6, hata kama ni kwa mkataba zaidi ya mmoja, hawezi kudai kuachishwa kazi isivyo halali.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi ukiwa bado na ufunguo wa ofisi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwalimu aliyekwisha kabidhi kompyuta ya shule hana daftari. Fanya hivi Septemba au Oktoba, kabla hali haijachafuka. Weka nakala za mikataba yote, siyo wa mwisho tu, hati za mshahara, ratiba, barua za uteuzi, tathmini za utendaji, mihtasari ya vikao. Piga picha ukurasa wa kitabu cha mahudhurio wenye saini yako. Mazungumzo ya WhatsApp yahifadhi kwenye simu yenyewe, usitegemee picha ya skrini peke yake, kwa sababu upande wa pili unaweza kuuliza ilitoka wapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii.

Chukua kinachokuhusu wewe tu. Ukibeba mafaili ya wanafunzi au mitihani ambayo haijafanyika, unawapa kosa la nidhamu ambalo hawakuwa nalo.

Hatua ya 4: Uliza kwa barua, mapema

Miezi miwili kabla ya kuisha kwa mkataba ni wakati mzuri. Barua isiwe ya kuomba huruma, wala isitishe. Iweke mambo yako kwenye kumbukumbu na kumlazimisha mwajiri ajibu au anyamaze. Vyote viwili vinakufaa. Mfano, ambao utaubadilisha kulingana na hali yako:

"YAH: MKATABA WANGU WA AJIRA UNAOISHA TAREHE 31 DESEMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimefundisha Kemia na Baiolojia katika shule hii kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, ambayo imehuishwa mara tatu. Mkataba wa sasa unaisha tarehe 31 Desemba. Mwezi Oktoba ofisi ya taaluma ilinipangia kuwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Tatu kwa mwaka ujao, na nimeshawasilisha azimio la kazi.

Naomba kufahamishwa kwa maandishi, kabla ya tarehe 15 Novemba, kama shule itauhuisha mkataba huu kwa masharti yaleyale au yanayofanana nayo. Naendelea kutekeleza majukumu yangu kama kawaida.

Nawasilisha."

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na mhudumu wa ofisi, na tarehe. Wakikataa kupokea, itume kwa baruapepe ya shule na kwa WhatsApp ya mkuu. Usipige simu kuuliza "mmeiona?" Andika.

Hatua ya 5: Ukiitwa ofisini

Nenda. Mwite mkuu kama unavyomwita siku zote, ongea kwa adabu, na sikiliza zaidi ya unavyosema. Kikao hiki hakina ubaya. Hatari iko kwenye karatasi zinazowekwa mezani.

Ya kwanza ni barua ya kujiuzulu. Utaambiwa "andika tu umeacha mwenyewe, tutakupa barua nzuri ya utambulisho, jina lako lisiharibike." Usiandike. Aliyeacha kazi kwa hiari anakuwa amejifungia mlango wa kudai kwamba aliachishwa. Zaidi ya hapo, fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Kwa saini moja umepoteza madai na fao.

Ya pili ni fomu ya kumaliza madai, inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote. Kama hesabu haijakamilika, saini kwa kuandika kwa mkono wako "nimepokea kiasi hiki tu, bila kuathiri madai yangu mengine", au omba uende nayo nyumbani.

Ya tatu ni mkataba mpya wenye masharti duni: mshahara umepunguzwa, au umegeuzwa kuwa mwalimu wa vipindi anayelipwa kwa saa. Sheria inazungumzia kuhuishwa kwa masharti yaleyale au yanayofanana, kwa hiyo ofa ya namna hii haimalizi suala. Kama unahitaji kula na watoto wako wanahitaji ada, unaweza kuamua kuukubali, na hakuna wa kukulaumu. Ila ujue unachokiacha.

Hatua ya 6: Januari imefika na hakuna aliyesema kitu

Shule imefunguliwa, umeripoti, jina lako liko kwenye ratiba, unafundisha. Mkataba mpya hakuna. Huu ndio ule mlango wa kwanza, na faida iko kwako mradi uonekane kazini. Saini kitabu cha mahudhurio kila siku. Jaza shajara ya somo. Shika zamu zako. Mshahara wa Januari ukiingia, hifadhi hati yake. Wakikuita mwezi Machi kukwambia "mkataba wako uliisha Desemba", jibu lako ni kwamba uliendelea kufanya kazi, walikupangia vipindi, na walikulipa.

Wakikuzuia getini siku ya kwanza ya muhula, usibishane na mlinzi. Andika ujumbe kwa mkuu papo hapo: umeripoti saa fulani, umezuiwa, unaomba maelekezo. Siku hiyo iandike, kwa sababu saa imeanza kuhesabu.

Hatua ya 7: Siku 30

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara na likizo ambazo hukulipwa, yana siku 60. Kwa kuwa kunyimwa mkataba uliokuwa na matarajio yenye msingi kunahesabiwa kama kuachishwa kazi, jihesabie siku 30 na usifikirie 60 kabisa.

Zinahesabiwa kuanzia lini? Kanuni inasema kuanzia siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Tuseme umepewa barua tarehe 20 Novemba kwamba hutaongezewa, na mkataba unaisha tarehe 31 Desemba. Wakili wa shule anaweza kudai uamuzi ulifanyika tarehe 20 Novemba, na siku zako zikaisha tarehe 20 Desemba, kabla hata mkataba haujakwisha. Unaweza kubishana naye na pengine ukashinda. Lakini kwa nini uanze kesi kwa kubishania kalenda? Hesabu kuanzia tarehe ya mapema zaidi.

Jaza Fomu Na. 1 ya CMA. Sehemu ya kueleza mgogoro ndiyo inayowaponza watu. Usiandike "nimeonewa". Andika kwamba mwajiri ameshindwa kuhuisha mkataba wa muda maalumu huku ukiwa na matarajio yenye msingi, na taja misingi hiyo. Kuna sehemu ya nyongeza kwa migogoro ya kuachishwa kazi, nayo ijaze. Ukichagua aina isiyo sahihi ya mgogoro, utakuja kukuta ushahidi wako mzuri haulingani na ulichodai. Mwajiri apewe nakala kwanza, apokee kwa saini, kisha fomu na uthibitisho huo vipelekwe ofisi ya CMA ya eneo mgogoro ulipotokea. Huduma hii hailipiwi. Umechelewa? Kuna Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri wanipigie" haitoshi.

Kwanza mtakaa na msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kuwapatanisha. Fika. Mlalamikaji asipofika, lalamiko linaweza kufutwa. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi uliyemchagua. Kwa maoni yangu, mwalimu aliyekwisha pata shule nyingine akubali suluhu ya haki hapa: fedha zilizotajwa kwa tarakimu, tarehe ya kulipwa, na hati ya utumishi. Makubaliano mliyosaini mbele ya msuluhishi yanawafunga wote wawili. Aliye na ushahidi mzito na anayetaka kurudi darasani aende kwa mwamuzi. Huko utathibitisha kwanza matarajio yako, na ukifanikiwa, mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba uamuzi wake ulikuwa wa haki. Mwamuzi anaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi huo wa mwamuzi, huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita.

Unachodai hata kama huna kesi

Mkataba wako umekwisha kihalali na hukuwa na msingi wowote? Bado huondoki mikono mitupu. Unadai mshahara wa siku zote ulizofanya kazi. Unadai likizo ya mwaka ambayo hukuichukua. Ni siku 28 kwa mwaka, na kwa kipindi kisichotimia hesabu ni siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Shule nyingi husema likizo zote za wanafunzi ni likizo zako pia. Waonyeshe siku ulizoitwa kusahihisha mitihani na kufundisha masomo ya ziada.

Kiinua mgongo cha kisheria usikitegemee kwa mkataba ulioisha kwa muda wake. Ila kama mkataba wenyewe umeahidi malipo ya mwisho wa mkataba, hayo ni deni.

Sasa lile la mahali ulipoajiriwa. Kama uliajiriwa ukiwa Mbeya na ukaletwa kufundisha Dar es Salaam, mkataba ukimalizika mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi Mbeya, au akulipe nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Kama mkataba unasema uliajiriwa Dar es Salaam kwa sababu tu ulisainia hapo, tafuta barua ya wito wa usaili au ujumbe wa ofa uliokukuta nyumbani.

Hati ya utumishi ni haki yako hata kama mmeachana vibaya. Na nenda NSSF ukachukue taarifa ya michango kabla hujakabidhi kitambulisho cha kazi, ulinganishe miezi iliyokatwa kwenye hati za mshahara na miezi iliyofika kwenye mfuko. Fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, na miezi ambayo mwajiri alikata bila kupeleka ndiyo inayoweza kukuacha na 17.